Umemeza vidonge vya asidi miaka mingi? Namna ya kuamua uendelee, upunguze au uache

Maswali ni yale yale, kwenye kaunta ya duka la dawa Malindi hata barazani Lamu. Mmoja husema: "Hizi omeprazoli nimezizoea, nikikosa siku mbili kifua chawaka moto. Zitaniharibu figo? Nizitupe?" Mwingine humjia juu: "Daktari kanambia nisiache, lakini shemeji kaona video ati zinaleta usahaulifu. Nimsikilize nani?" Nimechoka kujibu nusu nusu, kwa hivyo jibu refu ni hili.

Nianze na msimamo wangu. Dawa hizi za kupunguza asidi ya tumbo ni nzuri mno. Kabla hazijaingia sokoni mwaka 1988, mwenye vidonda vya tumbo vikali mara nyingi aliishia kwenye kisu. Tatizo ni kwamba wengi walianzishwa bila kuambiwa mwisho wake lini, wakaendelea kununua mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi. Ila nimeona pia upande wa pili: anayezihitaji kwelikweli anaziacha kwa uoga wa maneno ya mtandaoni, na huyo yuko hatarini kuliko yule anayezimeza bure. Hivyo usiache chochote leo. Kwanza jua uko kundi gani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Paketi zote za dawa unazotumia, zote kabisa: za presha, sukari, maumivu, ARV, na ile chupa ya mitishamba uliyoletewa.
- Daftari lako la hospitali au karatasi yoyote ya zamani yenye jina la ugonjwa.
- Kijitabu na kalamu ya kuandika hali yako kila siku.
- Dawa ya kutuliza ya maji (antasidi) chupa moja. Utaihitaji hatua ya mwisho.
- Miezi miwili au mitatu iliyotulia. Usianze kupunguza dawa Ramadhani, wala Mfungo Sita wakati wa Maulidi ya Lamu, biriani ikipita sinia baada ya sinia. Utashindwa, kisha utailaumu dawa.
- Tabibu au mfamasia mmoja wa kumrudia. Mmoja, si watano.

Hatua ya 1: Ijue dawa yako kwa jina na kipimo

Soma jina dogo chini ya jina kubwa la kampuni. Likiishia na "-prazole" (omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli, rabeprazoli), hiyo ndiyo inayozungumzwa hapa. Hufunga mapampu ya asidi yaliyo kwenye ukuta wa tumbo, na pampu iliyofungwa haifunguki tena. Mwili hutengeneza mpya. Ndiyo maana nguvu yake kamili huchukua siku 3 hadi 4 kuonekana, na ndiyo maana haifai kumezwa ghafla usiku kifua kikiwaka ukitarajia nafuu saa hiyo hiyo.

Famotidini ni ya ukoo mwingine, nguvu yake ndogo zaidi. Dawa za maji nyeupe na unga wa kuchemka kwenye glasi hazizuii asidi kutengenezwa. Huipoza tu ile iliyokwisha kumwagika. Ukikuta ranitidini kabatini, usiinywe. Marekani iliiondoa sokoni Aprili 2020 kwa sababu ya uchafu uitwao NDMA, unaohofiwa kuleta saratani, na nchi nyingi zilichukua hatua kama hiyo.

Andika: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, tangu mwaka gani.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukimwuliza mtu kwa nini anameza, atasema "nina asidi". Asidi kila mtu anayo. Jiulize siku ile ya kwanza ulikuwa na nini:

- Kiungulia cha kawaida: kozi huwa wiki 4 hadi 8.
- Kidonda kilichoonekana kwa kamera (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni): kwa kawaida pia wiki 4 hadi 8, pamoja na kutibu chanzo.
- Ulikuwa unameza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, ukapewa hii kulinda tumbo. Kama dawa ya maumivu ulikwisha kuiacha, mlinzi analinda nini?
- Ulilazwa kwa jambo jingine kabisa, ukapewa wodini, ukarudi nayo nyumbani. Hii ni ya kawaida kuliko unavyodhani.
- Hujui. Andika "sijui". Ni jibu halali, na litamsaidia tabibu wako.

Hatua ya 3: Angalia kama wewe ni wa kuendelea

Watu wafuatao wasijipunguzie wala kujiachia wenyewe. Kwao faida ya muda mrefu ni kubwa kuliko hofu:

- Aliyewahi kutoka damu kwa kidonda cha tumbo, hasa kama bado anatumia aspirini ya moyo, dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa za maumivu.
- Aliyepigwa kamera akaambiwa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) umechubuka vibaya, au una mabadiliko yaitwayo Barrett. Kwa huyu asidi inayopanda kila siku ni hatari yenyewe.
- Aliyepanuliwa umio kwa sababu ya kovu la asidi.
- Mwenye ugonjwa adimu wa Zollinger-Ellison, ambao tumbo humwaga asidi kupita kiasi.

Kama umo humu, kazi yako inaishia hatua ya 6 na ya 7: meza vizuri, pima panapofaa. Atakayekwambia "tupa hizo dawa" mwulize kama atakubeba yeye siku utakapotapika damu.

Hatua ya 4: Dalili zisizongoja mwongozo

Nenda hospitali, usisome zaidi, ukiwa na mojawapo: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu mfano wa masimbi ya kahawa, chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila kukusudia, upungufu wa damu, au kiungulia kipya kilichoanza umri umekwisha kupita miaka 55. Chakula kukwama nakikazia. Saratani ya umio si ugonjwa wa mbali hapa Kenya, na vidonge hivi vyaweza kupooza maumivu ukadhani umepona. Maumivu ya kifua yanayopanda begani au taya, pamoja na jasho, usiyaite asidi. Huo waweza kuwa moyo.

Uliza kama kipimo cha kamera kipo karibu nawe au utapewa rufaa Mombasa. Ni safari, hasa kwa mtu wa Lamu anayeanzia boti hadi Mokowe kisha barabara, lakini kwa dalili hizo hakuna kipimo kingine kinachoziba nafasi yake.

Hatua ya 5: Mtafute mdudu, lakini kwa kipimo sahihi

Vidonda vingi vya tumbo vina chanzo cha bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kama ulikuwa na kidonda na hujapimwa, unaweza kuwa unapooza moto huku mdudu yumo ndani.

Makosa mawili hapa hunikera. La kwanza ni kipimo cha damu cha kutoboa kidole. Kinaonyesha kwamba mdudu aliwahi kukuingia. Hubaki "chanya" hata baada ya kutibiwa, na nimewahi kukutana na waliomeza kozi mbili, tatu za antibiotiki kwa sababu ya karatasi hiyo. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. La pili: vidonge vya asidi humficha mdudu. Kipimo huhitaji uwe umeviacha kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4, la sivyo huenda kikasema mdudu hayumo, naye yumo. Kama wewe ni wa hatua ya 3, usiviache kwa ajili ya kipimo mpaka daktari aliyekuandikia aseme.

Ukipatikana naye, matibabu ni kidonge cha asidi pamoja na antibiotiki, kwa kawaida siku 14. Usikatize siku ya 6 kwa sababu ya uchungu mdomoni. Baada ya wiki 4 au zaidi tangu umalize, rudia kipimo kuhakikisha ametoka.

Hatua ya 6: Imeze inavyostahili

Kabla hujasema haikusaidii au unahitaji mbili, rekebisha saa. Inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha kwanza, kwa maji. Sababu: dawa hushika mapampu yanapoamka, na chakula ndicho huyaamsha. Anayemeza baada ya chai na mahamri, au usiku akiwa anapanda kitandani, amepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Usitafune wala kuponda. Punje za ndani zimepakwa zisiharibiwe na asidi njiani.

Ramadhani watu huuliza sana. Una njia mbili. Adhana ya maghribi ikilia, fungua kwa maji na kidonge, swali kwanza, kisha uketi kwenye futari nusu saa imekwisha kupita. Au amka nusu saa kabla ya daku. Ya kwanza ni nyepesi kwa wengi. Janga la mwezi huo si kufunga bali ni daku la pilau kisha mtu anajilaza hapo hapo hadi alfajiri. Saa mbili tatu zipite kati ya shibe na mto. Kama huwezi, basi daku liwe jepesi.

Mengine yanayosaidia bila kidonge: inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo, hukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza kitambi kama kipo. Acha sigara. Kuhusu chakula sikupi orodha ya marufuku. Achari, pilipili, ukwaju na kahawa chungu vyamwasha mmoja na mwenziwe havimfanyi kitu. Kijitabu chako kitakwambia. Kile nitakachosema waziwazi ni kwamba anayetafuna miraa au muguka jioni nzima, tumbo tupu, soda mkononi, halafu anaomba dozi iongezwe, anataka dawa ifanye kazi isiyo yake.

Hatua ya 7: Zipime hatari kwa uzito wake

Sehemu hii ndiyo inayopotoshwa zaidi, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo.

Habari nyingi za kutisha zinatokana na tafiti zilizolinganisha wanaomeza na wasiomeza. Wanaomeza mara nyingi ni wazee zaidi, wagonjwa zaidi, wenye dawa nyingi zaidi. Ukiona figo zao zimechoka, ni dawa au ni ule ugonjwa uliowafikisha kwenye dawa? Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019 lilijibu sehemu ya swali hilo. Watu 17,598 wenye maradhi ya moyo au mishipa waligawanywa kwa bahati: nusu walipewa pantoprazoli miligramu 40, nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatwa miaka 3 hivi. Kuvunjika mifupa, ugonjwa sugu wa figo, usahaulifu, nimonia: hakukuonekana tofauti ya maana. Iliyojitokeza wazi ilikuwa moja, maambukizi ya tumbo na utumbo: asilimia 1.4 kwa wenye dawa, asilimia 1.0 kwa wengine. Bila shaka miaka 3 si miaka 15, kwa hivyo haifungi mjadala wote. Lakini shemeji na video yake wanaweza kutulia kidogo.

Nitakayoyafuatilia mimi ni haya:

*Maambukizi.* Asidi ni mlinzi wa mlangoni, huua vijidudu vya chakula na maji. Ukiipunguza, kipindupindu, salmonela na wenzao hupata njia. Huku kwetu hilo si nadharia. Maji ya kisima yachemshe au yatie klorini, na juisi ya barabarani yenye barafu isiyojulikana iache. Kuharisha kusikoisha, hasa baada ya antibiotiki, nenda ukapimwe.

*Vitamini B12.* Samaki tunao tele, na B12 imo ndani ya samaki, lakini asidi ndiyo husaidia kuibandua kwenye nyama. Upungufu hujitokeza zaidi kwa waliotumia miaka 2 na kuendelea. Ukiwa pia unameza metformini ya sukari, hatari zinajumlika, kwani nayo hupunguza B12. Ganzi miguuni kwa mwenye sukari isisingiziwe sukari peke yake, omba kipimo.

*Magnesi.* Si ya kawaida, lakini yaweza kuwa kali. Huja kwa kawaida baada ya mwaka au zaidi: misuli kukaza, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Wanaotumia dawa za kukojoza kwa ajili ya presha, kama furosemidi, au digoksini ya moyo, wapimwe.

*Mifupa.* Kwa mama mtu mzima mwenye mifupa dhaifu, dozi kubwa ya muda mrefu haifai bila sababu. Kalisi aina ya kaboneti imezwe na chakula. Ya sitreti haitegemei asidi.

*Figo.* Kuna mzio adimu unaovimbisha figo. Homa, vipele, uchovu mkubwa au mkojo kupungua wiki au miezi baada ya kuanza: simamisha na uonwe haraka.

*Kugombana na dawa nyingine.* Omeprazoli na esomeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli ya moyo. Pantoprazoli huwa chaguo bora. Anayetumia ARV aseme kliniki kabla ya kumeza chochote cha asidi: rilpivirini haipatani kabisa na vidonge hivi, na atazanaviri nayo huharibika. Dolutegraviri haisumbuliwi na omeprazoli, lakini antasidi zenye magnesi au aluminiamu huizuia. Imeze saa 2 kabla ya antasidi au saa 6 baada yake.

Hatua ya 8: Kupunguza, kwa asiye na sababu ya kuendelea

Umefika hapa, sababu ya zamani imekwisha, tabibu amekubali. Sasa:

1. Kama unameza mara mbili kwa siku, ondoa ya jioni. Kaa hivyo wiki 2 hadi 4.
2. Kama ni miligramu 40, shuka 20 kwa wiki 2 hadi 4. Nunua kapsuli za 20. Usijaribu kugawa ya 40.
3. Meza siku moja, ruka siku moja, wiki 2.
4. Acha. Antasidi ya maji iwe karibu, baada ya kula na kabla ya kulala, au famotidini kama tabibu ameruhusu.

Wengine huacha kwa siku moja na wakafaulu, na haijathibitika kwamba taratibu hushinda ghafla. Mimi hupendelea taratibu kwa sababu watu hawaogopi.

Kisha subiri mrudio. Tumbo lililobanwa muda mrefu, likiachiwa, humwaga asidi kupita ilivyokuwa. Huko Denmark mwaka 2009 watu wazima wasio na shida yoyote ya tumbo walipewa esomeprazoli wiki 8 kisha wakaachishwa: asilimia 44 walipata kiungulia au dalili kama hizo, dhidi ya asilimia 15 waliokuwa na kidonge bandia tangu mwanzo. Watu wazima wenye afya! Kwa hivyo kifua kikiwaka siku ya tatu, hilo halithibitishi kwamba huwezi kuishi bila dawa. Kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache, mara nyingine miezi miwili.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kurudi kwenye dozi kamili siku ya nne. Stahimili kwa antasidi kwanza.
- Kuacha omeprazoli huku diklofenaki ya mgongo inaendelea. Anza na diklofenaki.
- Kunywa unga wa kuchemka kila siku ukiwa na presha. Una chumvi ya sodiamu nyingi.
- Kutegemea maziwa. Hupoza dakika chache, kisha tumbo huongeza asidi.
- Kununua jina jipya la kampuni ukidhani ni dawa mpya, ukameza zote mbili.

Mambo yakienda kombo

*Nimeacha wiki 3, kiungulia kila usiku.* Hakikisha kitanda kimeinuliwa na chakula cha jioni ni mapema. Ongeza famotidini usiku kwa muda. Ikipita wiki 8 bila nafuu, huenda una ugonjwa wa asidi unaohitaji dozi ndogo ya kudumu. Rudi kwa tabibu. Kipimo kidogo kinachotosha si aibu.

*Kiungulia huja mara moja kwa wiki, baada ya biriani ya harusi.* Antasidi yatosha. Au kozi fupi, kisha acha tena.

*Nameza kwa usahihi wiki 8 na bado nawaka.* Usiongeze peke yako. Huenda si asidi kabisa: kibofu cha nyongo, moyo, au umio wenyewe. Sasa ni zamu ya kamera.

*Nina mimba na kiungulia hakiniachi.* Anza na chakula kidogo kidogo na antasidi ambayo kliniki ya wajawazito imeikubali. Omeprazoli hutumika pia katika ujauzito, lakini iandikwe na anayekuhudumia.

*Nimefunga choo tangu nianze antasidi.* Yenye aluminiamu hufunga, yenye magnesi huharisha. Badilisha aina, na mwenye figo dhaifu asitumie yoyote kati ya hizo bila kuuliza.

*Mzee wangu ana dawa tisa na hakumbuki ipi ya nini.* Zitie zote kwenye mfuko, mpeleke na mfuko. Mwombe tabibu aandike mbele ya kila moja: ya nini, mpaka lini. Mfuko ukirudi na dawa sita, tisa zile zilikuwa nyingi.